Inchi nne za pichi

Nyuma ya ile kofia ya mbele ya propela, pale kwenye kitovu, kuna namba zilizogongwa kwenye chuma. Abiria hawazioni kamwe, na nawajua wenye ndege walioishi nazo miaka bila kuzisoma. Kwenye ndege ninayotaka kuisimulia leo, namba hizo ziliishia na 7557. Hiyo 75 ni kipenyo cha propela kwa inchi. Hiyo 57 ni pichi, na ndiyo iliyonikosesha usingizi wiki mbili.

Ukitaka kuelewa pichi, chukua parafujo uizungushe mara moja ndani ya ubao laini. Kina ilichozama kwa mzunguko ule mmoja ndiyo pichi yake. Propela ya pichi 57, kama hewa ingekuwa ubao, ingesogea mbele inchi 57 kila inapomaliza mzunguko, yaani karibu mita moja na nusu. Injini ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, hesabu inakupa kilomita 234 kwa saa. Punguza pichi iwe 53, mizunguko ile ile inakupa kilomita 218. Hewa si ubao na propela huteleza ndani yake, kwa hiyo usiende kumtambia mtu kwa namba hizo. Lakini zinakuonyesha propela imechongwa ikiwa na mwendo gani kichwani.

Kinachonishangaza mpaka leo ni udogo wa tofauti yenyewe. Pima propela hizo mbili robo tatu ya njia kutoka kitovuni kwenda nchani: ya 53 imeinama nyuzi 16.7, ya 57 nyuzi 17.9. Nyuzi moja na kidogo tu. Zilaze sakafuni hangani, umwite mtu yeyote achague yenye pichi kubwa, atabahatisha. Rubani aliye mwisho wa barabara ya kurukia, jua la saa nane likimpiga kisogoni, huyo atakwambia bila kubahatisha.

Kabla sijawa fundi wa ndege nilikuwa mpwa wa nahodha. Mjomba wangu alikuwa na boti Lamu, akivusha abiria kwenda Mokowe, na siku nyingine akibeba saruji na mabati kwenda Faza. Alikuwa na propela mbili za mashine yake: ya abiria, yenye pichi kubwa, na ya mzigo, yenye pichi ndogo. Ile isiyo na kazi ililala chini ya kitanda imefungwa kwenye kanga kuukuu, na shangazi alikuwa hampendi mgeni huyo. Nilipokuwa na miaka kumi na moja hivi nilimwona siku moja akipakia saruji na propela ya abiria ikiwa bado majini, kwa uvivu tu wa kuibadilisha. Mashine iliguna, moshi ukatoka, boti ikakaa chini kwenye maji kama ng'ombe aliyegoma. Tukarudi gatini. Huku akifungua nati akaniambia, "Mashine inataka kukimbia, mwanangu. Mimi nimeishika shati."

Kuna jambo nililokuja kulijua baadaye sana ambalo lingemfurahisha. Ndugu wawili Wright, kabla ya kuruka mwezi Desemba 1903, walidhani propela lingekuwa tatizo dogo kuliko yote. Meli zilikuwa zikisukumwa na propela kwa miongo mingi, basi wao wangeazima nadharia kwa watu wa meli na kuendelea. Wakakuta watu wa meli hawana nadharia ya kuwafaa, wana uzoefu: unajaribu, unapima, unabadilisha. Ndugu hao wakalazimika kufikiri upya, wakaiona propela kuwa ni bawa linalozunguka, ndiyo maana ubao wake, yaani panga lake, umesokotwa. Nchani inakimbia sana kwa hiyo imelala, karibu na kitovu inakwenda polepole kwa hiyo imesimama. Kwenye propela yetu ya 53 ncha imeinama kama nyuzi 13, na ukirudi hadi inchi 15 kutoka katikati unakuta nyuzi 29. Msokoto huo wote unafanya kazi moja, kila kipande cha ubao kiikute hewa kwa pembe inayokifaa.

Turudi Nairobi. Ndege yenyewe ni ya viti vinne, mabawa juu, injini Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 160. Imeishi miaka mingi pwani, ikienda Mombasa, Malindi, Lamu na kurudi, ambako viwanja viko karibu usawa wa bahari. Mwenye kuinunua akaileta uwanja wa Wilson, futi 5,536 juu ya bahari. Mwezi wa kwanza hakulalamika kwa sababu alikuwa akiruka asubuhi, peke yake. Mwezi wa pili akapakia watu wawili mchana, na akaja hangani akiwa na uso wa mtu aliyeona kitu. Alisema amepita juu ya mbuga ya Nairobi chini kiasi kwamba twiga wamemtazama usoni. Twiga nadhani aliwaongeza yeye.

"Fundi, injini imechoka."

Mimi nikasoma 7557 pale kitovuni, nikamkumbuka mjomba, na nikaona nimeshamaliza kazi. Propela ya pwani, ya kukimbia, imeletwa mlimani. Tuweke 53. Nilikuwa na ule uhakika wa mtu aliyejifunza jambo moja vizuri na kuliona kila mahali.

Ili kulithibitisha nilifanya kipimo cha kawaida. Unaweka vigingi magurudumuni, unashika breki, unafungua throtoli yote, ule mkono wa nguvu za injini, unasoma takometa, saa ya kuhesabu mizunguko, ndege ikiwa imesimama. Kwa propela ile ya 57, kitabu cha ndege kilitaka mizunguko isipungue 2,280 na isizidi 2,400. Ikizidi, propela ni laini mno, yaani pichi yake ni ndogo mno, au kuna kasoro. Ikipungua, ama injini ni dhaifu ama propela ni nzito kwake. Mimi nilipata 2,190. Nikaandika kwenye karatasi, nikaipigia mstari, nikampelekea mzee wetu wa hanga, ambaye ameshika spana kabla mimi sijazaliwa.

Akaiangalia. "Ile kifundo chekundu ulikiweka wapi?"

"Ndani kabisa, Mzee."

Hakunicheka, na hilo liliuma zaidi. Kifundo chekundu ndicho kinachopima mafuta yanayochanganywa na hewa. Ukikisukuma ndani kabisa, injini inapata mafuta kwa kipimo cha usawa wa bahari. Wilson hewa ni pungufu, kwa hiyo mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa ya kuyachoma, na injini inakabwa na chakula chake yenyewe. Kila rubani wa Nairobi anajua kukivuta nyuma kidogo kabla ya kupaa. Mimi fundi nilikuwa nimepima injini iliyojaa mafuta hadi kooni, nikailaumu propela. Tukarudi tukapima tena, tukikivuta taratibu mpaka mizunguko ikafika kileleni. Ikasoma 2,260.

"Bado iko chini," nikasema, nikijaribu kuokoa heshima.

"Iko chini kwa nani?" Mzee akaingia stoo, akatoka na kile kifaa cha mkononi kinachohesabu mapanga ya propela yakikatiza mwanga. Ukisimama mahali salama ukakielekeza kwenye propela inayozunguka, kinakupa mizunguko halisi, bila waya wala kebo. Takometa za zamani zinaendeshwa na kebo inayozunguka kutoka kwenye injini, na uzee huzifanya zidanganye, nyingine juu, nyingine chini. Ya kwetu ilikuwa inadanganya chini, kama 40. Ukweli ulikuwa 2,300.

Yaani palepale kitabu kilipotaka. Injini haijachoka, propela haijakosewa. Na ndege bado ilikuwa haipandi.

Hapa ndipo nilipokaa kwenye debe la rangi nikafikiri kwa mara ya kwanza badala ya kukumbuka. Kama Nairobi inainyima injini hewa, kwa nini mizunguko haikuanguka? Siku ile ilikuwa nyuzi 27 za joto. Ukitia joto hilo kwenye urefu wa Wilson, hewa inakuwa nyepesi kama ile ya futi 8,300 katika siku ya kawaida ya vitabuni. Injini isiyo na turbo, kwenye hewa hiyo, inabaki na kama robo tatu ya nguvu zake. Basi ilikuwaje takometa isilie?

Kwa sababu hewa ile ile inayoinyima injini inaipunguzia propela mzigo. Ubao wa propela unasukuma hewa, na hewa ikiwa nyepesi unasukumika kirahisi. Injini inadhoofika, na kazi iliyopewa inadhoofika pamoja nayo, karibu kwa kiasi kile kile. Si sawasawa kabisa. Injini ina msuguano wake wa ndani usiojali uko Lamu au Nanyuki, kwa hiyo nguvu zinashuka haraka kidogo kuliko hewa. Nilipoifanyia hesabu, tofauti ilikuja kama asilimia 2 ya mizunguko. Asilimia mbili ya 2,300 ni mizunguko 45 hivi. Mwenye takometa ya kebo hata hataiona.

Ndiyo maana takometa inaweza kukutuliza moyo vibaya sana. Inahesabu mizunguko, haipimi nguvu. Rubani aliyetoka pwani anafungua throtoli Wilson, anaona sindano imesimama palepale ilipokuwa ikisimama Malindi, anaachia breki kwa imani. Kumbe huku mbele ana injini nyingine.

Tuzihesabu nguvu zenyewe, kwa haraka haraka. Farasi 160 za kitabuni zinapatikana kwa mizunguko 2,700. Propela ya pichi isiyobadilika haifiki huko ndege ikiwa imesimama au inapanda polepole. Kwa 2,300, hata baharini, unapata kama farasi 136. Chukua robo tatu ya hizo kwa ajili ya mchana wa Nairobi, unabaki na 102. Kwa propela ya 53, nilikisia mizunguko ingepanda hadi 2,440 hivi, na nguvu zingekuwa kama 108. Farasi sita.

Nilimpelekea mwenye ndege hesabu hiyo nikiona haya kidogo. Farasi sita ni pikipiki ndogo. Akauliza swali ambalo ningeuliza mimi: kweli ninunue propela nyingine kwa ajili ya pikipiki?

Nikamjibu kwa mfano wa mshahara. Mtu anayepata elfu hamsini na kodi ya nyumba, chakula na nauli vinakula arobaini na tano, ukimwongezea elfu tatu hujamwongezea asilimia sita. Umemwongezea zaidi ya nusu ya kile kinachobaki mkononi. Ndege nayo ina kodi yake: nguvu za kuishika tu angani, isipande wala isishuke. Kinachobaki baada ya kodi ndicho kinachopanda. Pwani, kinachobaki ni kingi, pichi iwe 53 au 57 utapanda tu. Nairobi saa nane mchana na watu watatu ndani, kinachobaki ni kidogo kiasi kwamba farasi sita zinaonekana kwa macho. Na tena ubao wenye pembe ndogo zaidi unavuta vizuri ndege ikiwa polepole, kwa sababu haukabiliani na hewa kwa pembe kali mno.

Bei yake unailipia mbele ya safari. Propela ya 53 ikishafika juu na ndege ikanyooka, inazunguka haraka kwa mwendo ule ule, ni kama gari lililobaki gia ya tatu kwenye barabara ya Mombasa. Mbaya zaidi, ukishuka pwani kwenye hewa nzito na ukafungua throtoli yote, sindano inaweza kupita mstari mwekundu wa 2,700, na hapo ni mkono wako tu unaoilinda injini. Na takometa yenye kudanganya chini kwa 40, kama ile yetu, ni hatari maradufu kwa propela laini: unaona 2,690 ukiwa umeshavuka. Tuliitoa tukaweka nyingine kabla ya kugusa propela. Hilo Mzee alilisimamia bila majadiliano.

Mtu atauliza, kwa nini tusiweke propela inayobadilisha pichi yenyewe na tuachane na kelele hizi? Swali hilo lina uwanja wake, na uwanja huo uko juu kuliko Wilson. Cheyenne, katika jimbo la Wyoming, Marekani, uko zaidi ya futi 6,000. Mwaka 1933 ndege mpya ya abiria, Boeing 247, ilikuwa na propela za pichi moja, na kupaa kutoka Cheyenne ikawa ni shida. Pichi iliyofaa kusafiri haikufaa kuondoka. Frank Caldwell wa kampuni ya Hamilton Standard alikuwa na propela ya pichi mbili, moja ya kupaa, moja ya safari. Zilipofungwa kwenye 247, mbio za ardhini zikapungua kwa karibu moja ya tano na kasi ya kupanda ikaongezeka kwa zaidi ya moja ya tano. Tuzo ya Collier ya mwaka huo, tuzo kubwa ya mambo ya ndege Marekani, ikaenda kwake na kampuni yake. Miaka saba baadaye, katikati ya 1940, mafundi wa kampuni ya de Havilland walizunguka viwanja vya Uingereza wakizibadilisha ndege za kivita Spitfire na Hurricane, kikosi kimoja baada ya kingine, ziwe na propela za kujirekebisha mwendo. Nikisoma habari hizo huwa nawaza mikono yao zaidi ya marubani.

Lakini propela ya namna hiyo ina uzito wake, ina gavana wake, kile kifaa kinachoitawala pichi, ina mafuta yanayovuja siku usiyoyataka, na ikifika muda wa kufunguliwa kabisa inadai fedha ambazo mwenye ndege ya viti vinne angependa kulipia ada ya shule. Kwenye ndege ya farasi 160 wengi wanabaki na kipande kimoja cha aluminiamu kisicho na kitu cha kuharibika ndani. Kwa hiyo unachagua. Unachagua mara moja, kisha unaishi na uchaguzi wako kwenye kila uwanja.

Wengine wamechagua bila kutazama nyuma. Alaska, marubani wa Super Cub, ndege ndogo ya viti viwili, ya farasi 150 wanapenda propela ndefu na laini, inchi 82 kwa 41 au 42, badala ya ile ya kawaida ya 74 kwa 56. Kwa hesabu ya parafujo, pichi 41 kwa mizunguko 2,700 inakupa kilomita 169 kwa saa tu. Hawajali, wao wanatoka kwenye kokoto za ukingo wa mto. Ncha za propela hiyo zinakimbia mita 294 kwa sekunde, zinaukaribia mwendo wa sauti, na kelele yake unaijua kabla hujaiona ndege. Super Cub ndizo zilizotumika miaka mingi kufuatilia tembo na majangili Tsavo, na huko pia hakuna anayepewa zawadi kwa kuwahi kufika. Ila ukubwa wa kipenyo una adui wake, nao ni mawe. Kila inchi unayoirefusha propela inakaribia changarawe, na nani atakaa na tupa kila jioni akilainisha meno kwenye ncha?

Mwenye ndege wetu hakuwa mtu wa kokoto. Nilimwomba daftari lake la safari, nikahesabu. Katika safari 31 za miezi miwili, 26 zilianzia au kuishia Wilson, Nanyuki au Mara, viwanja vya futi 5,000 na zaidi. Pwani alikwenda mara mbili. Lakini ukimsikia akizungumza, utadhani anaishi Malindi. Wote tuko hivyo, tunanunua viatu vya harusi na kwenda navyo sokoni.

Akakubali 53. Ilikuwamo kwenye orodha ya propela zilizoidhinishwa kwa ndege na injini ile, vinginevyo tungekuwa na hadithi nyingine ndefu ya karatasi. Kuna waliomshauri aikunje ile ya 57. Inawezekana, karakana zenye kibali cha propela huisokota aluminiamu ikiwa baridi kwa vipimo na mipaka yake, kisha hugonga namba upya. Si kazi ya nyundo na jamaa mwenye jicho zuri. Alipata 53 iliyokaguliwa na kuwa na makaratasi yake, akaamua kuishia hapo.

Tuliifunga siku ya Jumamosi. Boliti zikakazwa kwa kipimo, zikafungwa waya, tukahakikisha ncha zote mbili zinapita njia moja. Asubuhi yake saa kumi na mbili na nusu, upepo ukiwa bado umelala, tukaipima ikiwa imesimama, kifundo chekundu kikiwa mahali pake. 2,430. Nilikuwa nimekisia 2,440, na nitaisema hiyo namba mpaka nizeeke.

Kisha mchana, kwa makusudi, saa nane, watu watatu, mafuta yale yale. Nilikaa nyuma nikiwa na saa ya mkononi. Futi 1,000 za kwanza zilikuja sekunde ishirini hivi mapema kuliko tulizopima na propela ya 57 wiki iliyotangulia. Sekunde ishirini si kitu cha kuandikia nyumbani, ila mbuga ilikuwa chini kabisa, na hakuna twiga aliyetutazama. Juu, tuliponyooka, kwa mizunguko ile ile tulikuwa tumepoteza kama kilomita 10 kwa saa. Mwenye ndege aliliona hilo kabla yangu. Hakusema neno, alikigonga kioo cha kipima mwendo kwa kucha mara mbili.

Wiki tatu baadaye simu ikalia. Alikuwa Malindi, nikisikia upepo.

"Fundi, ndege imekuwa mvivu."

"Ulipaaje Wilson?"

Kimya. Kisha, "Wilson ilipaa vizuri."

"Mlikuwa wangapi?"

"Wanne."

Sikusema kitu. Naye akabadilisha mazungumzo, akaniuliza ile ya 57 nimeiweka wapi, na nisije nikamuuzia mtu. Iko stoo, imepakwa mafuta na kufungwa kwenye gunia, nyuma ya makopo ya rangi. Fundi kijana tuliyenaye sasa ameshajikwaa nayo mara mbili, na kila mara ananiuliza kwa nini hatuiuzi.